Hali ya hewa ya juma: mvua ya mlimani na mvua ya bondeni



Kila Jumatatu asubuhi karatasi moja hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na mahali pa kuandikisha majina. Ni karatasi ya hali ya hewa ya juma. Siku moja nilisimama kando ya ubao huo nikajifanya nasubiri mtu, nipate kuona wangapi wanaisoma. Wengi walisoma orodha ya zamu, wakasoma tangazo la mshahara, wakaenda zao. Mmoja tu aliisoma, naye alicheka akamwambia mwenzake: «Wanasema mvua. Hapa kwetu siku gani haina mvua?»

Ndugu huyo hakukosea sana. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katika msitu, penye mito mikubwa ya Kongo, Tshopo na Lindi. Hapa hakuna kiangazi kama kile cha Lubumbashi, ambako mtu aweza kukaa miezi mitatu asione tone. Kwetu mvua hupungua kidogo kuanzia Desemba mpaka Februari, halafu katikati ya mwaka, lakini haikomi. Kwa mwaka mzima hupita milimita 1,600. Mwezi wa Oktoba na Novemba ndiyo hutupiga zaidi. Basi, karatasi ikisema «mvua» na isiseme zaidi, ni kweli haikutuambia kitu.

Lakini karatasi husema zaidi. Shida ni kwamba hatukufundishwa kuisoma. Leo nataka tuisome pamoja, neno kwa neno, maana katika kazi yangu ya zahanati nimeshaona mtu akifa kwa neno moja la karatasi hiyo lililosomwa vibaya. Nitalieleza hilo mbele.

Tuchukue mfano wa karatasi ya kawaida. Imeandikwa hivi: «Tshopo: mawingu, radi hapa na pale, zaidi usiku na alfajiri. Ituri na Kivu: mvua za radi alasiri, baridi usiku milimani.» Maneno machache, lakini nchi inayosemwa ni kubwa mno. Mkoa wa Tshopo peke yake ni karibu kilomita za mraba 200,000. Ungeweza kuingiza Rwanda ndani yake mara saba na nafasi ikabaki. Ukitoka Kisangani kwa barabara ya Bafwasende, Nia-Nia na Komanda mpaka Bunia, umetembea zaidi ya kilomita 600, nawe umepanda kutoka mita 400 hivi juu ya bahari mpaka zaidi ya mita 1,200. Ukiendelea kusini utakutana na Ruwenzori, ambao kilele chake kina mita 5,109 na barafu juu yake. Tena huko kati ya mlima na mlima kuna mabonde na maziwa. Hakuna mvua moja inayoenea nchi yote hiyo kwa saa moja.

Sasa angalia saa zilizoandikwa. Kwa nini milimani waseme alasiri, na kwetu usiku na alfajiri? Jua la mchana hupasha moto miteremko ya milima ya mashariki. Hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa, hugeuka mawingu marefu, na kufika saa nane au saa tisa mchana radi zinaanza kunguruma. Mawingu yale hayafii pale yalipozaliwa kila mara. Mara nyingi hujipanga kama jeshi, yakasukumwa na upepo kuelekea magharibi, juu ya msitu, usiku kucha. Kwa hiyo mvua inayokuamsha Mangobo saa tisa za usiku, ikipiga bati hata mtoto analia, yawezekana ilizaliwa jana mchana juu ya milima. Si zote zimetoka huko, nyingine huzaliwa papa hapa juu ya msitu kwa joto la mchana wetu. Ndiyo sababu dereva anayeondoka kwenda mashariki na mlinzi wa usiku wa ghala letu hawapaswi kuisoma karatasi kwa namna moja. Dereva aangalie alasiri, mlinzi aangalie alfajiri. Na kama redio ya kambi ya mashariki inasema jioni kwamba kwao kumechafuka sana, hiyo ni habari yako pia wewe uliye Kisangani.

Twende kwenye hesabu. Karatasi ikiandika «asilimia 40», wengi hufikiri mvua itanyesha kidogo, au itanyesha kwa muda mfupi. Sivyo. Maana yake ni kwamba, zikitokea siku 10 zinazofanana na hiyo, siku 4 mvua itafika mahali ulipo. Haisemi kubwa au ndogo. Mvua ya asilimia 40 yaweza kung'oa paa. Tena jua kwamba siku ya kwanza na ya pili za karatasi zinaaminika zaidi. Kuanzia siku ya tano ni kuonyesha mwelekeo tu, hasa kwetu kwenye joto, ambako wingu la radi huweza kuzaliwa na kufa kwa saa mbili. Msimlaumu aliyeandika. Kapita anayepanga kazi ya Ijumaa kwa karatasi ya Jumatatu bila kuuliza tena, huyo ndiye wa kulaumiwa.

Sasa neno lenyewe: «hapa na pale».

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaja hapa, nilikuwa msaidizi wa tiba kwenye kambi ndogo ya utafutaji madini, ndani ya msitu upande wa mashariki. Sitaji jina la kampuni. Karatasi ya juma ilisema radi hapa na pale. Asubuhi mbingu ilikuwa safi kabisa. Kapita akatazama juu akasema, «Hapa na pale, basi leo ni pale,» na watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Watu saba wakapelekwa kuchimba mitaro ya sampuli kwenye uwazi uliofyekwa juu ya kilima. Hakuna aliyeuliza wakimbilie wapi mambo yakibadilika. Gari liliwashusha likarudi kambini.

Saa nane na nusu ngurumo zikasikika mbali. Waliendelea na kazi, walitaka kumaliza mtaro. Mvua ilipoanza, wawili wakakimbilia chini ya mti mkubwa ulioachwa peke yake pembeni, wengine wakajifunika turubai. Radi ikapiga mti. Mmoja wa wale wawili alirushwa akaumia sikio na mguu. Mwingine akaanguka, hakuinuka.

Sikiliza vizuri sehemu hii. Wenzake watano walimzunguka, na hakuna aliyemgusa. Wawili walisema mwilini bado mna umeme, atakayemgusa atakufa naye. Mwingine alisema radi ile imetumwa na mtu, na atakayeingilia atachukua fungu lake. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alikuwa ndugu wa marehemu, mtoto wa mama yake mdogo. Walimtuma kijana akimbie kuniita. Nilifika baada ya robo saa. Mwili ulikuwa bado na joto, ngozi haikuungua, isipokuwa alama nyembamba begani kama mizizi ya nyasi. Nilisukuma kifua chake zaidi ya nusu saa pale matopeni. Hakurudi.

Mpaka leo naamini kama mmoja wao angeanza kusukuma dakika ile ile, tungekuwa na nafasi nzuri ya kumwona akila sombe jioni. Radi haiachi umeme ndani ya mtu. Inapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, imekwenda. Ukimgusa hupati kitu. Inachofanya ni kusimamisha moyo na pumzi. Moyo una tabia ya kuanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na moyo usiopata hewa husimama mara ya pili. Katikati hapo ndipo mwenzako anahitaji mikono yako.

Ufanye hivi. Kwanza hakikisha wewe mwenyewe hukai mahali pabaya, ikibidi mburute aliyeanguka umwondoe chini ya mti. Mlaze chali. Mwite kwa sauti, tazama kifua kama kinapanda, usizidishe sekunde 10. Kama hapumui, weka kiganja katikati ya kifua chake, kiganja cha pili juu yake, nyoosha mikono, sukuma chini kwa nguvu sentimita 5 au 6, uache kifua kirudi, usukume tena. Haraka: mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Baada ya kusukuma mara 30, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mbili mdomoni, uone kifua kikipanda. Endelea. Ukichoka mwenzako akupokee bila kupoteza muda. Na kama radi imepiga watu wengi pamoja, anza na wale waliolala kama wafu. Katika ajali nyingine tunafanya kinyume, lakini kwa radi, anayelia na kugugumia kwa kawaida ataishi. Asiyelia ndiye anayekungoja.

Hii si habari ya kambi moja. Wataalamu waliohesabu radi za dunia nzima kwa chombo cha angani, na kutoa hesabu yao mwaka 2016, waliona mahali pa kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, na mahali pa pili duniani, pa kwanza Afrika, ni upande wa Kabare katika Kivu ya Kusini: mimuliko zaidi ya 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Kampene katika Maniema ipo pia mbele katika orodha ya Afrika. Ni majirani zetu. Kule Uganda, tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ikaua watoto 18. Walikuwa darasani. Maana yake nyumba isiyo na waya wa kushusha radi ardhini haitoshi kuitwa kimbilio. Kibanda cha nyasi hakitoshi, turubai halitoshi. Gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa linatosha. Lori la wazi nyuma halitoshi.

Jinsi ya kupima: ukiona mwako, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja hivi. Ukifika 30 kabla ya ngurumo, radi iko kilomita 10 kutoka kwako. Chini ya 30, kazi ya nje isimame. Usingoje tone la kwanza, kwa sababu radi hutangulia mvua na huweza kupiga mahali pakavu. Na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Najua dakika 30 ni ndefu kwa mtu wa kazi ya kipimo. Anayeshughulika na baruti yeye asihesabu kitu. Akisikia ngurumo, aache, aondoke, watu wote wakae mbali na mashimo yaliyojazwa. Na walio ndani ya handaki wasiguse reli wala bomba wala waya unaotoka nje, maana umeme hufuata chuma mpaka chini. Mkikutwa uwazini bila gari, tawanyikeni, msilale chini, msishikane, ili radi ikipiga mmoja, wengine wabaki kumsaidia.

Wanaopenda kulalamika uwanjani Bangoka kwamba ndege imechelewa kwa sababu ya wingu moja tu, wakumbuke tarehe 8 Julai 2011. Ndege ya abiria, Boeing 727, ilijaribu kutua Kisangani katika hali mbaya ya hewa ikaanguka karibu na uwanja. Zaidi ya watu 70 walikufa. Mimi siku hizi nikiambiwa ngoja, nangoja.

Kuna jambo lingine ambalo karatasi haliandiki, nawe lazima uliongeze mwenyewe kichwani: maji hayanyeshi yanapoua. Mvua inaponyesha mlimani, bondeni jua laweza kuwaka. Kijito ulichovuka asubuhi na maji ya kifundo cha mguu huja alasiri kimebeba magogo. Tarehe 11 Septemba 2020 huko Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilinyesha, mto ukapita kingo zake, maji yakaingia katika mashimo ya dhahabu wachimbaji wakiwa ndani. Watu wapatao 50 walihofiwa kufa. Tarehe 4 Mei 2023 katika wilaya ya Kalehe, mito inayoshuka kutoka milimani kwenda Ziwa Kivu ilifurika na kubeba mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walizidi 400.

Kwa hiyo ukisoma «mvua kubwa milimani» na kazi yako iko chini, bondeni, hiyo ni mvua yako. Tazama rangi ya kijito: maji yakigeuka mekundu ghafla, yakileta majani na vijiti, au sauti yake ikibadilika, panda juu kwanza, uliza baadaye. Usiweke hema wala mapipa ya mafuta kwenye mchanga wa mtoni, hata kama ni mahali pazuri pa kuoga. Na mtaro ulionyeshewa usiku usiingiwe asubuhi mpaka msimamizi ameutazama: nyufa kandokando, udongo unaodondoka, maji chini. Mita moja ya ujazo ya udongo mbichi huzidi kilo 1,500. Mtu akifunikwa mpaka kifuani tu hawezi kuvuta pumzi. Wenzake wakiruka ndani kumwokoa, tunazika watatu badala ya mmoja.

Sasa baridi. Watu wa Kisangani hucheka nikitaja baridi. Hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mtu aliyezoea nyuzi 30 za mchana hapa, akifika Bukavu au Butembo usiku, amelowa, nyuma ya lori linalokwenda, anapoteza joto la mwili kuliko anavyodhani. Kwanza hutetemeka. Halafu hutulia, na wenzake hufurahi kwamba amepata nafuu, kumbe ndipo hatari ilipo. Hunena kama mlevi, hujikwaa, hutaka kulala. Mvueni nguo mbichi, mvalisheni kavu, mfunikeni kichwa, mpeni chai ya moto yenye sukari kama anaweza kumeza. Lotoko msimpe. Pombe hutandaza damu kwenye ngozi, mtu akajisikia joto huku joto linamtoka. Kila anayepanda mashariki achukue sweta na suruali kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, hata akichekwa gatini.

Kwa ninyi mlio nyumbani na familia, neno fupi. Juma la mvua kubwa likipita, maji ya vyoo huingia visimani, hasa sehemu za chini za Lubunga na kando ya mto. Chemsheni maji ya kunywa. Mwaka 2011 kipindupindu kilichoanza Kisangani kilishuka na mto mpaka Kinshasa. Mwagieni mbali maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi. Mtoto akipata homa majuma mawili au matatu baada ya mvua, msiseme ni baridi ya mvua. Mleteni apimwe malaria siku ile ile.

Jumatatu ijayo, basi, ukifika ubaoni, soma mstari wa mahali unapokwenda na mstari wa mahali maji na mawingu yanapotoka. Soma saa. Kisha mwulize kapita wako mbele ya wote: tukisikia ngurumo, gari liko wapi? Akikosa jibu, gari lisiondoke kuwaacha. Meneja wa usalama amekubali kwamba kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Na kwa wanaotaka kujifunza kusukuma kifua: zahanati ina mto mgumu uliojazwa vitambaa, tumeushona wenyewe, unafanya kazi ya kifua. Njooni timu kwa timu, kila Jumatano baada ya zamu ya mchana. Zoezi huchukua nusu saa. Waje na wale wanaoogopa kumgusa aliyepigwa na radi. Hao ndio ninaowangoja zaidi.